Mehboob Khan na Mahakama ya Sikukuu

Zamani, mwezi wa Ramadhani ulipokaribia ukingoni, sisi watoto wa Mombasa tulikuwa na maswali mawili. La kwanza ni kama mwezi utaandama leo au kesho. La pili, ambalo hatukuthubutu kumwuliza mwalimu wa chuoni, ni picha gani itakayoonyeshwa siku za Idd. Pesa za Idd tulizopewa na wajomba na shangazi tulizigawa mafungu: fungu la bembea za uwanja wa Makadara, fungu la vitu vitamu, na fungu lililofichwa ndani kabisa ya mfuko wa kanzu, ambalo lilikuwa ni la sinema. Regal, Naaz, Majestic, yote yalijaa siku hizo, na aliyechelewa hakukuta tikiti ila kwa mlanguzi.

Picha ilipokwisha ndipo mahakama ilipokaa. Barazani kila mtu alikuwa kadhi. Siku hizi watu hupima picha kwa kuhesabu nyota, tatu au tano, wakaenda zao. Sisi tulipima kwa machozi yaliyomwagika, kwa nyimbo tulizorudi nazo nyumbani, na kwa ugomvi uliofuata. Basi katika picha zote za sikukuu nilizoziona utotoni, hakuna iliyozusha ugomvi mrefu nyumbani kwetu kama Mother India. Ilikuwa imeshapita miaka ishirini na zaidi tangu itengenezwe nilipoiona, na filamu yenyewe imekwaruzika hata ikawa mvua inanyesha katika kila chumba, lakini watu walikuwa wanaipigania tikiti kama kwamba imeshuka melini jana.

Tulimjua Nargis. Tulimjua Sunil Dutt na Raaj Kumar. Yule mla riba mwenye meno ya nje tulimwogopa hata mchana. Lakini mtu aliyewatia wote hao katika picha hiyo na kuwaambia wafanye nini, yeye hatukumjua, na hata leo ukiuliza barazani utapata wachache wa kukujibu. Jina lake ni Mehboob Khan.

Mehboob, mwana wa Ramzan Khan, alizaliwa mwaka wa 1907 katika mji mdogo wa Bilimora, Gujarat, upande ule ule wa Bara Hindi walikotoka mababu wa wengi katika Wahindi wa pwani yetu. Shule hakuipata ya maana. Mpaka siku ya kufa kwake alihesabiwa kuwa ni mtu asiyesoma, na ajabu ya maisha yake yote imeanzia hapo, kwani mtu huyu ambaye kalamu haikumkaa mkononi ndiye aliyewaongoza waandishi, washairi na wanamuziki wakubwa kabisa wa zama zake, na wakamsikiliza. Aliingia Bombay, mji unaoitwa leo Mumbai, akiwa kijana mtupu asiye na kitu wala mtu, mwenye hamu moja tu ya kuonekana katika picha.

Alianza chini kabisa. Kampuni ya Imperial, iliyokuwa mali ya Ardeshir Irani, ilikuwa ikitengeneza picha bubu, na mwaka wa 1927 ilitengeneza kisa cha Ali Baba na wezi arubaini. Mehboob alipewa kazi ya kuwa mmoja katika wale arubaini, yaani mtu wa kujificha ndani ya mtungi. Msomaji anayekijua kisa hicho cha Alfu Lela Ulela anajua kwamba mwizi wa mtungini haonekani uso. Ndivyo alivyoanza mtu aliyekuja kujaza majumba ya sinema kutoka Bombay hadi Afrika.

Ikatokea bahati, au ilionekana kuwa bahati. Irani huyo huyo alipoamua kutengeneza picha ya kwanza ya Kihindi yenye kusema, Alam Ara, Mehboob alifikiriwa kuwa ndiye mchezaji mkuu. Mwisho wake nafasi hiyo ikapewa mwingine, Master Vithal, aliyekuwa na jina kubwa zaidi. Alam Ara ilifunguliwa tarehe 14 Machi, 1931, katika jumba la Majestic, Bombay, jina ambalo baadaye tulilipata Mombasa na Zanzibar pia, na siku hiyo watu walisongamana mlangoni hata polisi wakaingilia kati. Mehboob hakuwamo. Mimi nadhani angaliipata nafasi ile angalikuwa mchezaji wa wastani tu, akasahauliwa pamoja na wengi waliosahauliwa. Kukoseshwa kulimsukuma nyuma ya kamera, na huko ndiko ilikokuwa riziki yake.

Picha yake ya kwanza kuiongoza aliitoa mwaka wa 1935 katika kampuni ya Sagar. Kwa Kiingereza iliitwa Judgement of Allah, Hukumu ya Mwenyezi Mungu, na kwa jina jingine Al Hilal. Ilikuwa ni habari ya vita baina ya Waturuki na Warumi. Aliyempigia picha ni Mparsi, Faredoon Irani, na wawili hao hawakuachana tena. Jicho la Faredoon ndilo lililoona karibu kila alichokiwaza Mehboob kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano. Nalitaja jina la picha hiyo kwa sababu neno hilo, hukumu, halikumwachia mtu huyu. Karibu kila picha yake nzuri ina mtu aliyesimama mbele ya hukumu, na mara nyingi kosa halimo kwa yule anayehukumiwa.

Mwaka wa 1940 alitoa Aurat, maana yake Mwanamke, kisa cha mama wa shamba aliyeachwa na mume na kubakia na watoto na deni la mla riba. Mama huyo alichezwa na Sardar Akhtar, na baada ya miaka miwili Mehboob akamwoa. Kisha akatoa Roti, yaani Mkate, habari ya ulafi wa pesa. Baada ya hapo alifungua kampuni yake mwenyewe, Mehboob Productions, na hapo ndipo inapotubidi tusimame kidogo.

Alama ya kampuni hiyo ilikuwa ni nyundo na mundu, vile vile vya Warusi. Lakini wakati alama inapojitokeza kwenye pazia, sauti nzito husoma beti moja ya Kiurdu yenye maana kwamba maadui na watake shari yao watakavyo, lisilopendwa na Mola haliwi. Nyundo na mundu, na papo hapo Mola! Wako waliocheka, na wako waliotilia shaka. Mwenyewe hakuona tatizo. Alikuwa ni mtu wa sala tano. Wakati ulipoingia kazi ilisimama, nyota na wapiga taa wakangoja, mwenye kazi akasali, kisha wakaendelea. Hakuwa Mkomunisti wa chama. Alikuwa ni mtoto wa maskini aliyeamini kwamba mwenye jembe na mwenye nyundo ana haki yake, na kwamba mwenye kuigawa haki hiyo ni Mungu. Wazee wetu wengi wa pwani wangaliulizwa wangalisema hivyo hivyo, bila ya nyundo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ni ya neema. Humayun ilitoka mwaka wa 1945, habari ya mfalme wa Kimughal. Mwaka uliofuata ikaja Anmol Ghadi, ambamo Noor Jehan na Suraiya waliimba tungo za muziki za Naushad. Nyimbo zile zilifika mbali kuliko picha yenyewe. Mwaka wa 1947 Bara Hindi ikagawanyika. Noor Jehan alikwenda Pakistan. Mehboob alibaki Bombay.

Mwaka wa 1949 alitoa Andaz. Humo alikuwamo Nargis, ambaye ni Mehboob aliyempa nafasi kubwa ya kwanza katika Taqdeer, mwaka wa 1943, alipokuwa bado msichana mdogo. Walikuwamo pia Dilip Kumar na Raj Kapoor, na hiyo ndiyo picha pekee iliyowaweka wawili hao pamoja. Mwanamke mmoja, wanaume wawili, na wivu. Ni picha nzuri mpaka inapokaribia mwisho, ambapo mwanamke anabebeshwa lawama yote kwa kosa la kucheka na rafiki. Hukumu ile mimi sijaikubali mpaka leo.

Aan ya mwaka wa 1952 ilikuwa ni picha ya sikukuu hasa: rangi, farasi, panga, na binti mfalme mwenye kiburi anayetiwa adabu na mtu wa shamba. Ilikuwa ni picha yake ya kwanza ya rangi, na ilionyeshwa London kwa fahari. Watoto waliipenda. Ukiitazama leo utaona ni ndefu mno, ila farasi ni wazuri.

Amar, miaka miwili baadaye, ilikuwa ni kinyume chake, na watu hawakuitaka. Humo Dilip Kumar, kipenzi cha wote, ni wakili mwenye jina jema anayemharibu msichana muuza maziwa, kisha ananyamaza kimya huku msichana akiteketea kwa aibu. Watazamaji walikuja kumwona Dilip Kumar wampende, wakaonyeshwa mtu wa kumchukia. Nasema, na wanaonijua wamechoka kunisikia, kwamba Amar ni katika kazi zake bora, na mahakama ya watazamaji ilikosea siku ile. Hukosea mahakama hiyo kama mahakama nyingine yoyote. Mwaka huo huo wa 1954 alifungua studio yake mtaa wa Bandra, na deni la picha iliyokosa watu halikumzuia kuanza kazi kubwa kuliko zote alizozifanya.

Alikirudia kisa cha Aurat. Safari hii alikuwa na rangi, muziki wa Naushad, maneno ya Wajahat Mirza na Ali Raza, na Nargis mahali pa Sardar Akhtar. Mla riba alikuwa ni yule yule wa picha ya kwanza, Kanhaiyalal, kazeeka na ubaya umemkolea. Jina alilolichagua, Mother India, lilikuwa ni jina la kitabu cha mwaka wa 1927 cha mwanamke wa Kimarekani, Katherine Mayo, kilichowatukana Wahindi. Mehboob alilichukua tusi lile akalivika taji.

Kisa ni hiki, kwa ufupi, kwa vijana ambao hawakukiona. Radha anaolewa kijijini. Mama mkwe amekopa rupia 500 kwa ajili ya harusi, na kwa kuwa hajui kusoma ametia dole gumba kwenye karatasi asiyojua imeandikwa nini. Wazee wa kijiji wanahukumu kwamba karatasi ni karatasi: robo tatu ya mavuno kila mwaka ni ya mla riba, na hiyo ni faida tu, deni lenyewe liko pale pale. Mume anapondwa mikono na jabali, anaona haya kulishwa na mkewe, anatoroka usiku. Yanakuja mafuriko. Watoto wanakufa. Mla riba anamjia Radha na chakula, kwa sharti ambalo mwanamke mwenye heshima halikubali, na hakulikubali. Anabaki na wana wawili, na mmoja wao, Birju, anakua na moto kifuani. Birju anayatazama madaftari ya mla riba yaliyomla baba yake na ndugu zake, naye hawezi kusoma hata herufi moja.

Jamani, hapo ndipo ninapomwona Mehboob mwenyewe. Mtu aliyesoma angaliweza kuiandika habari ya riba kwa hesabu na hoja. Asiyesoma ndiye anayejua namna daftari la mwenziwe linavyotisha. Na sisi tuliosomeshwa chuoni kwamba riba ni haramu tangu hatujajua hesabu, tulikaa ndani ya giza la sinema tukiiona riba kwa macho, ina tumbo na mwavuli.

Mwisho wake Birju anageuka jambazi, anamuua mla riba, anayachoma madaftari, kisha anambeba kwa nguvu binti wa mla riba siku ya arusi yake. Na mama, yule aliyemlisha kwa jasho la kuvuta jembe badala ya ng'ombe, anasimama njiani na bunduki. Kijiji chote ni heshima moja, na msichana yule ni binti wa kijiji. Anampiga risasi mwanawe, kisha anamkumbatia akifa.

Kazi ya kuitengeneza ilikuwa nayo visa vyake. Walipokuwa wakipiga sehemu ya moto, Gujarat, karibu na alikozaliwa Mehboob, upepo uligeuka na Nargis akazungukwa na ndimi za moto. Sunil Dutt, aliyekuwa Birju, aliingia akamtoa, naye akaungua. Mwezi wa Machi, 1958, wakaoana. Watu wetu walipopata habari hiyo walishtuka sana, maana katika picha yule ni mama na huyu ni mwana; kumbe wote wawili walizaliwa mwezi mmoja, Juni ya mwaka wa 1929.

Picha ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba, 1957, wiki ya Diwali, katika jumba la Liberty, Bombay. Mehboob aliijua vyema thamani ya sikukuu. Siku za sikukuu mtu ana nguo mpya na pesa mfukoni, na amekuja na mama yake na dada zake. Picha lazima iwatoshe wote, mwenye kutaka ngoma na mwenye kutaka kulia. Mother India iliwatosha. Tuzo za Filmfare za mwaka uliofuata iliondoka na tano, ya picha bora na ya mwongozaji zikiwamo. Nargis akashinda pia huko Karlovy Vary, Czechoslovakia.

Kisha ikapelekwa Marekani, ni picha ya kwanza kabisa Bara Hindi kuipeleka kushindania Oscar. Imeandikwa kwamba kwa ajili ya waamuzi wale ilikatwa, ikatoka karibu saa tatu ikawa saa mbili hivi. Na imeandikwa pia kwamba kilikatwa kitu kingine: ile alama ya mwanzo, nyundo na mundu, pamoja na beti yake. Zilikuwa ni siku ambazo Marekani waliogopa nyundo na mundu kuliko simba. Basi beti iliyosema kwamba lisilopendwa na Mola haliwi ikaondolewa ili wapendezwe waja.

Ikaingia katika picha tano za mwisho. Tarehe 26 Machi, 1958, tuzo ikaenda kwa picha ya Kitaliana ya Federico Fellini, Nights of Cabiria. Wanaosimulia wanasema iliishinda Mother India kwa kura moja. Kura yenyewe hakuna aliyeiona ikihesabiwa, lakini habari hiyo imekaa katika vinywa vya wapenzi wa picha za Kihindi kwa miaka zaidi ya sitini. Mimi picha ya Fellini nimeiona, ni nzuri, na mwanamke wake naye amedhulumiwa. Simlaumu aliyeipa kura. Ninalojiuliza ni je, waamuzi wale walioiona Mother India iliyokatwa, isiyo na nyimbo zake zote, waliihukumu picha gani?

Hukumu nyingine ilikuwa inaendelea mahali pengine. Kano, Nigeria, Waislamu wa Kihausa wasiojua neno moja la Kihindi waliiona mwaka baada ya mwaka. Mombasa na Zanzibar vivyo hivyo. Hatukuielewa lugha, ila wachache wetu. Tulimwelewa mla riba.

Mehboob alipata picha moja tu tena. Son of India ilitoka mwaka wa 1962, na mchezaji wake mkuu alikuwa ni Sajid Khan, yule mtoto aliyecheza Birju mdogo, ambaye Mehboob na mkewe walimchukua wakamlea kama mwana. Pengine mapenzi ya baba yalimziba macho mwongozaji, picha ilianguka. Mwaka wa 1963 serikali ilimpa nishani ya Padma Shri. Akawa anawaza picha nyingine, ya Habba Khatoon, yule bibi mshairi wa Kashmir wa karne ya 16 aliyeolewa na mfalme kisha akanyang'anywa mume na siasa za Mamughal. Sisi watunga mashairi tunaisikitikia picha hiyo isiyokuwako kuliko tuzo iliyokosekana.

Tarehe 27 Mei, 1964, Jawaharlal Nehru alifariki dunia. Mehboob alikuwa akimpenda Nehru mno. Siku ya pili yake, tarehe 28, naye akafa, moyo wake ukiwa umeshachoka, umri wake miaka 56. Akazikwa Bombay, katika makaburi ya Waislamu ya Marine Lines, na magazeti ya siku ile yalikuwa na maiti mwingine wa kumwandika.

Nilipoiona mimi Idd ile, yeye alikuwa ameshalala kaburini miaka mingi. Shangazi zangu walikwenda katika onyesho la wanawake peke yao, wakarudi macho yamevimba, wakakaa ukumbini kumhadithia bibi, ambaye hakupata kuingia sinema maisha yake yote. Walimweleza tangu dole gumba hadi risasi. Shangazi mkubwa alishika kwamba Radha alitenda haki, kwa kuwa binti wa watu ni amana hata akiwa ni wa adui. Shangazi mdogo alishika kwamba mama hana mkono wa kumuua mwanawe, na kama ni haki basi iko serikali. Biriani ya Idd ilipoa wakibishana. Bibi aliwasikiliza wote wawili, akatafuna tambuu yake taratibu, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake: wale wazee wa kijiji waliohukumu kwamba karatasi ni karatasi, mwisho wa picha walifanywa nini?